Mlango uliopokea wauaji, nyumba iliyogeuka gereza



Jumapili ya leo naomba tusafiri kwa mawazo hadi kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenye kaunti inayoitwa Durham. Watalii wengi huenda huko kila mwaka kuona mambo ya kale. Kuna kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1093, kuna ngome ya mawe inayotazamana nalo, kuna kanisa dogo la kijijini lenye umri wa zaidi ya miaka 1,300, na kuna makumbusho ya maisha ya wachimba makaa ya mawe. Kanisa kuu na ngome yake viliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986. Vijana wengine huvutwa huko kwa sababu sehemu za kanisa hilo zilionekana katika filamu za Harry Potter.

Sisi hatuendi kupiga picha. Tunakwenda kusimama mbele ya mlango mmoja. Kwa mamia ya miaka mlango huo ulifunguliwa usiku na mchana kwa watu waliokuwa wakikikimbia kifo, wakiwemo wauaji. Kisha, mwaka 1650, nyumba hiyo hiyo ya Mungu ikageuzwa gereza la mateka wa vita, na mamia kwa mamia wakafa kwa njaa, baridi na kuhara damu. Mawe yalikuwa yale yale. Mnara ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kitu kingine, na hicho ndicho nataka tukitafute leo, kwa sababu nasi tuna makanisa, nayo yana milango.

Kanisa lililoanzishwa na wakimbizi

Habari yenyewe inaanzia nje kidogo ya Durham, kwenye kisiwa cha Lindisfarne, pwani ya Northumberland. Huko alihudumu Cuthbert, mtawa na askofu aliyependwa sana na watu wa kaskazini, aliyefariki mwaka 687. Mwaka 793 maharamia wa Kiviking walikivamia kisiwa hicho, wakaua na kupora. Hatari haikuisha, na mwaka 875 watawa wakaona hakuna namna. Walibeba jeneza la Cuthbert mabegani pamoja na vitu vitakatifu walivyoweza kuokoa, wakaondoka.

Walitangatanga kwa miaka kadhaa. Kisha wakapata hifadhi Chester-le-Street, mji mdogo ndani ya kaunti ya Durham, wakakaa hapo zaidi ya miaka 100. Mwaka 995 hofu ilirudi, wakabeba tena lile jeneza, na safari hii wakatua juu ya jabali ambalo Mto Wear unalizunguka pande tatu. Jabali hilo ndilo Durham. Karibu karne moja baadaye likaanza kujengwa kanisa kuu tunaloliona leo, na kaburi la Cuthbert lipo ndani yake mpaka sasa.

Usipite haraka hapo Chester-le-Street. Mali mojawapo ya jumuiya ile ilikuwa kitabu cha Injili nne kwa Kilatini, kilichopambwa kwa rangi za kupendeza, kinachojulikana hadi leo kwa jina la Lindisfarne. Katika karne ya 10 padri mmoja aitwaye Aldred alikaa na kitabu hicho, akaandika kwa herufi ndogo, juu ya kila neno la Kilatini, maana yake kwa Kiingereza cha siku zile. Hiyo ndiyo tafsiri ya kale kuliko zote ya Injili kwa Kiingereza ambayo bado ipo. Kitabu chenyewe kimehifadhiwa London.

Tafakari jambo hilo. Injili kwa lugha ya mama iliwafikia Waingereza kupitia kalamu ya mtu wa jumuiya iliyokuwa imekimbia makwao. Sisi tunaofungua Biblia kwa Kiswahili kila Jumapili tunaijua thamani ya zawadi kama hiyo.

Kwa hiyo mzizi wa kanisa lile kubwa ni wakimbizi waliobeba marehemu wao wakitafuta mahali pa kumlaza. Katika Kumbukumbu la Torati 10, Musa aliwakumbusha Israeli wampende mgeni, na sababu aliyowapa ni kwamba wao wenyewe walikuwa wageni kule Misri. Anayekumbuka kwamba alifunguliwa mlango ana sababu ya kumfungulia mwenzake.

Hodi ya usiku

Na kweli, Durham waliikumbuka kwa muda mrefu. Kwenye mlango wa kaskazini wa kanisa kuu kuna pete kubwa ya shaba ya kubishia hodi, imeshikwa kinywani na mnyama mwenye uso wa kutisha kama simba. Inayoonekana mlangoni leo ni nakala. Ile halisi, ya karne ya 12, imetunzwa kwenye makumbusho ya kanisa hilo.

Aliyekuwa anakimbizwa, iwe na ndugu wa marehemu wanaotaka kisasi au na watu wa serikali, akiifikia pete hiyo na kubisha, alikuwa ameokoka. Juu ya mlango kulikuwa na vyumba vidogo ambamo watu walikaa zamu, hata usiku wa manane, ili hodi isikose mwitikaji. Kengele ilipigwa ili mji ujue kwamba kuna mtu amekimbilia kwa Cuthbert. Mgeni alivishwa joho jeusi lenye msalaba wa njano begani. Alipewa chakula na mahali pa kulala, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa kwa muda wa siku 37.

Vitabu vya kanisa vya miaka ya 1464 hadi 1524 vimeandika watu zaidi ya 300 waliofika kwa namna hiyo, na wengi wao walihusika na mauaji. Msomaji anaweza kuuliza: je, huko si kulea uovu?

Swali ni la haki, na wazee wa Durham walilijibu kwa utaratibu wao. Mkimbizi alitakiwa kuweka silaha chini. Alitakiwa kutamka mbele ya mashahidi kosa alilotenda, na yote yakaandikwa: nani aliumizwa, lini, wapi, kwa silaha gani. Zile siku 37 zilikuwa za kutafuta suluhu na waliokosewa. Suluhu ikishindikana, aliapa kuihama nchi, akasindikizwa hadi bandarini, akapanda meli na kwenda zake. Rehema haikufuta ukweli. Ilizuia damu isimwagike juu ya damu, ikampa mwenye kosa muda wa kusema alichofanya.

Mwenye Biblia atakuwa ameshakumbuka Hesabu 35 na Yoshua 20, ile miji 6 ya makimbilio. Huko nako aliyekimbia alisimama langoni pa mji akaeleza habari zake masikioni mwa wazee, na kesi yake ikasikilizwa. Kimbilio la Mungu lina mlango wa kuingilia na lina kiti cha hukumu ya haki. Vyote viwili.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi yapo makanisa yanayochanganya kimbilio na maficho. Mtumishi au mwimbaji wa kwaya anapomdhulumu mtoto, kisha wakubwa wakanong'onezana ili yaishe kimya kimya, hapo hakuna kimbilio. Pale Durham, hata muuaji alitaja jina la aliyemuua. Na aliyestahili kukimbiliwa kwanza na kanisa ni yule mtoto.

Mstari mweusi sakafuni

Hata hivyo, mlango ule haukuwa wazi kwa watu wote kwa kiasi kimoja. Ukiingia ndani na kutazama sakafu upande wa magharibi, utaona mstari wa mawe meusi uliokatiza kanisa. Zamani mstari huo ulikuwa mpaka wa wanawake. Hawakuruhusiwa kuuvuka kuelekea madhabahuni wala kwenye kaburi la Cuthbert. Walijengewa sehemu yao ya ibada huku mwisho, upande wa magharibi, katika karne ya 12.

Sehemu hiyo inaitwa Galilaya, na ni nzuri kupita kiasi, yenye nguzo nyembamba na madirisha ya mwanga. Ndani yake amezikwa Bede, mtawa msomi wa Jarrow aliyeandika historia ya kanisa la Waingereza na kufariki mwaka 735. Mwanafunzi wake aliandika kwamba katika siku zake za mwisho mzee huyo alikuwa bado anahangaika kuitafsiri Injili ya Yohana kwa lugha ya watu wake.

Lakini uzuri wa chumba hauondoi maana ya mstari. Mwuaji aliyebisha hodi aliingizwa. Mama aliyekuja kuombea mtoto mgonjwa aliambiwa mwisho wako hapa. Leo kina mama na mabinti wanaukanyaga mstari huo bila hata kuuona, nao hawamchafui Mungu wala kanisa halijaanguka. Inafaa kujiuliza ni mistari mingapi tumeichora sisi wenyewe tukadhani imechorwa mbinguni.

Septemba 1650

Sasa tufike kwenye jambo zito. Haki ya kukimbilia kanisani ilipunguzwa sana na Mfalme Henry VIII, na miaka ya 1620 ikafutwa kabisa kwa sheria. Haikupita miaka 30, nyumba ile ikaona kinyume cha yote yaliyotangulia.

Tarehe 3 Septemba 1650, jeshi la Oliver Cromwell liliwashinda Waskoti katika vita vya Dunbar, kusini mashariki mwa Uskoti. Waskoti walikuwa wamemkubali Charles II awe mfalme, wakati Bunge la Uingereza lilikuwa limemkata kichwa baba yake. Pande zote mbili walikuwa Waprotestanti. Walisoma Biblia moja, walifunga na kuomba kabla ya vita, na kila upande uliamini Mungu yuko nao.

Maelfu ya mateka walipelekwa kusini kwa miguu, karibu bila chakula. Wengi walikufa njiani. Takriban 3,000 walifikishwa Durham, wakafungiwa ndani ya kanisa kuu na ngome. Kanisa lilikuwa tupu, kwa sababu Bunge lilikuwa limewaondoa wasimamizi wake na ibada zilikuwa zimesimama. Hapakuwa na mtu wa zamu kwenye vile vyumba vya juu ya mlango, na hata angekuwepo, waliokuwa na haja ya kubisha walikuwa ndani.

Inakadiriwa kuwa 1,700 hivi walikufa, wengi kwa kuhara damu. Waliobaki walivunja viti na mapambo ya mbao wakayachoma ili wapate joto. Masimulizi ya kale yanasema waliiacha saa moja kubwa yenye fremu ya mbao, na kwamba sababu ni nakshi ya mbaruti iliyochongwa juu yake, mmea ambao ni alama ya nchi yao. Walionusurika, baadhi yao walipelekwa ng'ambo ya Atlantiki, kwenye makoloni ya Amerika, wakafanyishwa kazi kwa mkataba wa miaka.

Waliokufa walitupwa kwenye mashimo bila sanduku wala jina. Wakasahaulika kwa zaidi ya miaka 360. Mwaka 2013 mafundi waliokuwa wakichimba msingi karibu na kanisa kuu walikuta mifupa ya watu waliolazwa ovyo, mmoja juu ya mwenzake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Durham wakaichunguza, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba ni mateka wa Dunbar. Wengi walikuwa vijana, wengine wavulana tu. Mwaka 2018 walizikwa upya kwa heshima na kwa ibada, mjini hapo hapo.

Nabii Yeremia, katika sura ya 7, alisimama kwenye lango la nyumba ya Bwana akawaonya watu waliokuwa wakijifariji kwa kurudiarudia kwamba hekalu ni la Bwana. Aliwaambia hekalu halitawalinda ikiwa wanamwonea mgeni, yatima na mjane. Mahali palipotukuzwa kwa vizazi panaweza kugeuka pango. Durham inatuonyesha kwamba hilo linawezekana bila kuhamisha jiwe hata moja.

Kwa hiyo kilichobadilika ni nini? Zamani kulikuwa na watu waliokubali kukaa macho usiku kwa ajili ya hodi ya mtu wasiyemjua. Mwaka 1650 jengo lilikuwepo, watu hao hawakuwepo, na wenye funguo walimwona aliye ndani kuwa adui tu.

Ufunguo kwa jirani

Tukitoka mjini tukaelekea kusini magharibi, tutafika kijiji cha Escomb. Hapa kuna kanisa dogo lililojengwa yapata mwaka 675, mojawapo ya makanisa ya kale zaidi Uingereza ambayo bado yana ibada. Ni chumba kirefu, chembamba, chenye kuta nene na vidirisha vidogo. Ungelipita barabarani usingegeuka kulitazama mara mbili.

Mawe yake yana habari. Inaaminika yalitolewa kwenye ngome ya jeshi la Warumi iliyokuwa Binchester, kilomita chache kutoka hapo. Jiwe mojawapo ukutani lina maandishi ya Kikosi cha Sita cha jeshi hilo, na limewekwa kichwa chini. Fundi aliyejenga labda hakujua kusoma Kilatini, au hakujali. Lililochongwa kwa fahari ya jeshi la kigeni likawa sehemu ya ukuta wa nyumba ya sala. Isaya 2 inazungumzia silaha zinazofuliwa kuwa zana za kulimia. Escomb inatuonyesha ngome iliyogeuka kanisa, na Durham mwaka 1650 inatuonyesha kanisa lililogeuka ngome. Mawe hayana dini, mpendwa. Yanafuata moyo wa anayeyatumia.

Kuna jambo dogo la Escomb ninalolipenda zaidi. Kwa miaka mingi desturi imekuwa kwamba ufunguo wa kanisa unatundikwa nje ya nyumba ya jirani. Mgeni anauchukua, anafungua, anaingia, anasali au anatazama, anafunga na kuurudisha.

Jirani na Escomb upo mji wa Bishop Auckland, wenye kasri ambamo maaskofu wa Durham waliishi kwa karne nyingi. Maaskofu hao walikuwa na mamlaka makubwa kama ya wafalme, na kasri lao linalitangaza hilo. Lakini katika chumba cha kulia kuna picha kubwa za Yakobo na wanawe, watu wazima waliosimama wima, zilizochorwa na Mhispania Francisco de Zurbarán katika karne ya 17. Askofu Richard Trevor alizinunua mwaka 1756. Miaka 3 kabla yake Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwaruhusu Wayahudi kuomba uraia, kelele zikawa nyingi mitaani, na sheria ikafutwa haraka. Trevor alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono. Akawatundika mababa wa makabila ya Israeli mahali ambapo kila mkubwa aliyealikwa chakula angewatazama usoni. Sheria ilikuwa imewafungia Wayahudi mlango. Askofu akawaweka mezani kwake.

Bendera zenye kitambaa cheusi

Durham ilikuwa pia nchi ya makaa ya mawe. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu zaidi ya laki moja walifanya kazi kwenye migodi ya eneo hilo. Ukitembelea makumbusho ya wazi ya Beamish utaona nyumba zao ndogo zilizopangwa kwa mstari, na kanisa lao la Kimethodisti lisilo na makuu. Kwenye makanisa kama hayo mchimba makaa alijifunza kusoma, kusimama na kusema. Peter Lee aliingia mgodini akiwa mtoto wa miaka 10, akawa mhubiri wa Kimethodisti, kiongozi wa wachimbaji, na mwaka 1919 mwenyekiti wa halmashauri ya kaunti. Mji wa Peterlee umepewa jina lake.

Tangu mwaka 1871, wachimbaji na familia zao hukusanyika Durham siku ya Jumamosi mwezi Julai, kila mgodi na bendera yake na bendi yake ya tarumbeta. Alasiri baadhi ya bendera huingizwa kanisa kuu na kubarikiwa. Desturi ilikuwa kwamba mgodi uliofiwa mwaka huo hufunika bendera yake kitambaa cheusi. Mei 1951 mlipuko katika mgodi wa Easington uliua watu 83, wakiwemo waokoaji 2 walioshuka kuwatafuta wenzao.

Migodi yote imefungwa sasa, lakini bendera bado zinapita kwenye milango ile. Wanaume waliotoka chini ya ardhi wakiwa weusi kwa vumbi, ambao enzi za maaskofu wakubwa wasingethubutu hata kulikaribia kasri, wanaingia katikati ya kanisa na msiba wao, na kanisa linasimama kuwapokea. Hapo mlango umerudi kuwa mlango.

Mkimbizi kutoka Uganda

Kuna uzi mmoja unaounganisha kaskazini ile ya Uingereza na kwetu Afrika Mashariki. Dayosisi ya Durham iko chini ya jimbo la York. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2020, Askofu Mkuu wa York alikuwa John Sentamu, mzaliwa wa Uganda. Alikuwa mwanasheria nchini kwake, akawekwa kizuizini wakati wa utawala wa Idi Amin, na mwaka 1974 akakimbilia Uingereza. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala. Kifo hicho kilimsukuma Sentamu kuingia katika utumishi, akawekewa mikono mwaka 1979.

Kwa hiyo kanisa lililoanzishwa na wakimbizi waliobeba jeneza, miaka elfu moja baadaye likawa chini ya uongozi wa mkimbizi kutoka ukanda wa Ziwa Victoria. Aliyefungua mlango mwaka 1974 hakujua anamfungulia nani. Waebrania 13 inatuambia wapo waliokaribisha malaika bila kujua.

Na mlango wetu?

Mpendwa msomaji, sisi ni watu wa kujenga. Karibu kila usharika, parokia na kanisa la mtaani lina kamati ya ujenzi, bahasha za michango na picha ya jengo jipya ukutani. Sikatai. Nyumba ya Bwana ijengwe, na ijengwe vizuri. Lakini kanisa kuu la Durham ni zuri kuliko lolote tutakalojenga, na uzuri wake haukuwapa maji wale vijana wa Dunbar.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza paa limefika wapi, tuulize mambo mengine. Binti aliyepata mimba akiwa kwaya, tulimtenga, au tulimtembelea? Na aliyempa mimba, alitakiwa kusema ukweli, au aliendelea kupiga kinanda? Mama anayepigwa nyumbani, akifika kwa mzee wa kanisa saa nne usiku, ataambiwa arudi akavumilie, au atapewa mahali pa kulala kwanza? Kijana aliyetoka gerezani, nani atakaa naye benchi moja? Mkimbizi wa Burundi au Kongo aliyehamia mtaani kwetu, jumuiya inalijua jina lake? Mlinzi wa getini tumemfundisha kuangalia uso wa anayekuja, au viatu vyake?

Na tujiulize swali la Escomb: ufunguo wa kanisa letu uko kwa nani? Simaanishi tuache milango wazi wezi wabebe spika. Namaanisha, mtu akiwa na haja ya Mungu siku ya Jumanne, anajua wa kumgongea?

Huhitaji kuwa mchungaji kufanya kazi ya wale wa zamu juu ya mlango. Ni kazi ya jirani, ya mjumbe wa jumuiya, ya mama wa vitenge, ya kijana wa vyombo. Inahitaji mtu mmoja aliye tayari kuamka. Katika Ufunuo 3:20 anayebisha mlangoni ni Kristo mwenyewe, na barua ile haikuandikwa kwa wapagani. Iliandikwa kwa kanisa.

Ee Bwana, uliyewapa wakimbizi jabali la kutulia, utupe sisi masikio ya kusikia hodi ya usiku. Utusamehe mistari tuliyochora. Wale tuliowafungia nje, na wale tuliowafungia ndani ya maumivu yao, utupe ujasiri wa kuwafungulia. Amina.